Kifuniko Kabla ya Amina

Walikuwa wamesema watakuja wanane. Saa tano kasoro robo, asubuhi ya Jumamosi, Joan alipiga simu akasema kwa sauti ya chini kwamba sasa ni kumi na watano. Shangazi zake wa Chebunyo walikuwa wamesikia habari wakaingia garini bila kuuliza, na jamaa wengine wa Siongiroi wakasema hawawezi kuachwa nyuma.

"Usijali, mama," Joan alisema. "Watakula kidogo kidogo."

Elmina Nyanchoka alikata simu, akaitia katika mfuko wa aproni na kulitazama bakuli. Lilikuwa bakuli la mti, pana, lenye kifuniko chake, na ndani yake mlikuwa na nduma, yale magimbi ya kando ya maji, iliyopondwa tangu Jumatano. Ilikuwa imelala siku tatu, ikachacha kidogo tu, kiasi cha kuuamsha ulimi. Ilikuwa ya watu wanane. Kwa watu kumi na watano, wa mwisho angekwangua mti mtupu.

Siku hiyo wazazi wa Joan Chepkosgei walikuwa wanakuja kuona boma ambako binti yao angeolewa. Obure, mwana pekee wa Elmina, alikuwa ameshakwenda kwao mara mbili na wazee wa kanisa, na maneno yalikuwa yamefika mahali pazuri. Ilikuwa imebaki ziara hii moja. Hakuna aliyekuwa ameandika sheria yoyote, lakini pande zote mbili zilielewana: wageni wakila, binti ametolewa. Wakiaga chakula kikiwa mezani, hakuna atakayeuliza kwa nini, na hakuna atakayerudi.

Kuku wawili walikuwa jikoni, na wali, na ugali wa wimbi. Lakini Kogo Taplelei, nyanya yake Joan, alikuwa ametuma ujumbe wiki mbili mapema. Hakuwa na meno tena. Joan alikuwa amemsimulia habari za nduma ya Elmina, laini kama uji mzito na chachu kama maziwa ya kibuyu, na kogo akasema kwamba akifika kwake Boito atafungua kinywa kwa nduma hiyo au hatakifungua kabisa. Na kogo asipokula, wengine wangeketi mikono ikiwa magotini.

"Monicah," Elmina alimwita mdogo wake, aliyekuwa amekuja kutoka Nyamira kumsaidia. "Chukua jembe. Tuongeze sufuria."

Nduma zake zilikuwa chini kabisa ya shamba, kando ya kijito. Shamba lenyewe lilikuwa robo eka ambayo marehemu mume wake, Bogonko, alinunua kutoka kwa jirani alipokuwa bado na nguvu. Watu wa Boito walipanda chai hadi mlangoni, lakini chai haipendi kusimama majini, na kile kipande cha chini kilikuwa kimeachwa kwa vyura. Elmina alikichimba kwa mikono yake. Alikuwa amefika nchi ya chai kutoka Nyamira akiwa na miaka kumi na tisa, akachuma majani miaka thelathini na mmoja, kikapu mgongoni, mpaka mashine zikaletwa na wachumaji wakaambiwa asante. Siku hizi Obure ndiye fundi wa mashine zizo hizo. Wakati mwingine huleta moja nyumbani kuifungua, na mama yake huizunguka kama mtu anayempita mbwa asiyemjua.

Mwaka ule wa vurugu baada ya uchaguzi, watu wa kabila lake walipofukuzwa Boito, walikuwa wametoroka usiku, yeye na Bogonko na mtoto. Waliporudi baada ya miezi mitatu, nyumba haikuwa na mabati wala milango. Nduma zilikuwa zimesimama vilevile, majani yake mapana yakichezea maji. Wiki ile ya kwanza walikula nduma peke yake. Hapo ndipo Elmina alipokumbuka namna bibi yake alivyokuwa akiziponda kwenye ubao kwa jiwe, akaanza kufanya hivyo, na hakuacha tena.

Alidhani ni mambo ya bibi yake tu. Kisha Joan, ambaye ni mwalimu wa jiografia, akamwonyesha kwenye simu watu wa visiwa vya Hawaii, huko katikati ya bahari kubwa kuliko zote, wakiwa wamekaa na ubao kati ya miguu na jiwe mkononi, wakiponda nduma. Elmina aliomba aone tena na tena, mara nne.

"Huyu anatia maji mengi," alisema mara ya nne.

Joan alimweleza kwamba huko, bakuli la nduma likiwa wazi mezani, watu hawaruhusiwi kugombana. Hata kama jambo ni kubwa, hunyamaza mpaka bakuli lifunikwe. Elmina alilipenda neno hilo akaliweka moyoni.

Sasa Monicah alikuwa amerudi na ndoo. Nduma zilikuwa kubwa, zimejaa tope jeusi.

"Umetoa wapi hizi?"

"Kule mwisho, kwenye maji yaliyosimama. Za juu zimebaki ndogo."

Elmina aliipima moja mkononi. Za maji yaliyosimama ndizo zinazowasha koo kuliko zote. Zinataka saa tatu za moto usiopumzika, na mtu hapunguzi hata dakika kumi. Aliziosha na kuzitia sufuriani na maganda yake, akachochea. Lakini kuni kavu zilikuwa zimeishia kwenye kuku. Zilizobaki zilikuwa vipande vya mkaratusi vilivyonyeshewa juzi, na vilitoa moshi mwingi kuliko moto. Maji yalichemka saa tano na nusu.

Saa sita kamili gari liliteremka kilimani.

Waliingia mmoja mmoja, wakasalimiana kwa mikono miwili, wakaketi. Baba yake Joan, Mzee Kipkosgei, alikuwa mtu mrefu wa maneno machache. Alikaa na koti lake zito likiwa limefungwa vifungo vyote, kofia juu ya goti, kama mtu anayengoja kuitwa jina katika ofisi. Karibu naye alikaa mdogo wake, Weldon, ambaye tangu mwanzo hakuitaka ndoa hii na hakuificha nia yake. Kogo Taplelei aliwekwa kwenye kiti chenye mto. Mapajani alikuwa amekumbatia kibuyu cha mursik, yale maziwa yao yaliyolala kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa mkaa, na alikataa kupokewa.

"Hii inangojea mwenzake," alisema.

Elmina alicheka, akawamiminia chai. Alikunywa yake wima, ya moto mno, akaunguza ulimi.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Waliuliza juu ya kanisa, juu ya maji, juu ya njia. Shangazi mmoja alitaka kujua kama Obure huamka mapema, na Obure akasema ndiyo, na Monicah akakohoa. Kisha, saa saba kasoro dakika chache, Weldon alisimama dirishani akatazama mawingu yaliyokuwa yakijikusanya juu ya kilima.

"Mvua ikitukuta hapa, gari halipandi," alisema. "Udongo wa hapa ni sabuni. Kama kuna chakula, tukipate."

Hapakuwa na saa tatu tena. Jikoni, Elmina alichomoa nduma moja sufuriani akaichoma kwa kijiti. Kijiti kilipita mpaka upande wa pili bila kukwama. Alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba nduma hulainika kabla ya kuiva, na kwamba kijiti hakijui kuwashwa. Ilikuwa imechemka saa moja na nusu. Alikata kipande, akakiweka ulimini, akangoja. Hakuhisi kitu. Hakuhisi hata ladha, kwa sababu ulimi ulikuwa umeungua.

"Imeiva?" Monicah aliuliza.

Sebuleni walikuwa watu kumi na watano. Bakuli lilikuwa la watu wanane.

"Imeiva," alisema Elmina.

Walimenya haraka, vidole vikiungua. Elmina alipiga magoti mbele ya ubao, akalilowesha jiwe na kuponda, akikunja na kugeuza, mpaka mabonge yakaisha na ile nduma ikavutika kama ulimbo. Akaichanganya na ile ya Jumatano. Akaikoroga kwa mwiko mpaka mtu asingeweza kusema hii ni ipi na ile ni ipi. Bakuli likajaa hadi ukingoni, likapendeza. Alilibeba mwenyewe, akaliweka mezani mbele ya kogo, akafungua kifuniko. Harufu ile ya uchachu ilipanda, na kogo akafumba macho kwa furaha.

"Tuombe," alisema Mzee Kipkosgei.

Aliyeombwa kuombea chakula alikuwa Mzee Kipruto, mzee wa kanisa waliyekuja naye. Maombi yake yalijulikana kwa urefu hadi Siongiroi. Alianza na kuumbwa kwa mbingu, akaja kwa gharika, na hapo Elmina akarudi jikoni kwa kunyata kuchukua vijiko.

Alimkuta Monicah amesimama katikati ya jikoni, mkono mdomoni.

"Dada," alisema. "Nimelamba jiwe."

"Na kwa hivyo?"

"Mdomo wangu una moto."

Wakati huo huo Elmina alihisi. Ilianza nyuma kabisa, kwenye shina la ulimi, mahali ambapo chai haikufika. Ilikuwa kama nywele moja iliyokwama. Alimeza mate. Nywele zikawa mbili, zikawa kumi, zikawa sindano. Aliegemea meza.

Aliwaona kama wameshakula. Aliwaona wakishika koo, kogo akikohoa bila pumzi, shangazi wakitazamana. Watu wazima wenye akili watasema ni nduma mbichi. Lakini habari haitembei na watu wenye akili peke yao. Kabla gari halijafika barabara ya changarawe, itakuwa wamelishwa kitu kwa yule mama wa kutoka huko Nyamira, na ikifika Chebunyo itakuwa na jina la dawa yenyewe. Obure ataishi na neno hilo. Joan pia. Na yeye, ambaye watu wa kilima hiki walimrudishia milango yake mmoja mmoja mwaka ule, ataanza tena kutazamwa.

"Ingia ujikwae," Monicah alinong'ona. "Anguka na bakuli. Mtu akianguka, ameanguka tu. Hakuna mwenye kosa."

Elmina aliwaza. Lilikuwa wazo zuri. Angeumia goti kidogo, watamwinua, watampa pole, watakula kuku. Sauti ya Mzee Kipruto ilisikika kupitia ukutani. Alikuwa amefika kwa viongozi wa nchi, anawaombea hekima.

"Na wakisema ni mkosi?" alisema Elmina. "Chakula cha kwanza, kikamwagika sakafuni?"

"Afadhali mkosi kuliko koo."

Mzee Kipruto aliingia kwa wagonjwa. Baada ya wagonjwa huja wasafiri, na baada ya wasafiri chakula. Elmina alifunga aproni upya, bila sababu, akatoka.

Sebuleni vichwa vyote vilikuwa vimeinama. Alipita kati ya viti akihesabu hatua. Goti lilikuwa tayari; pembe ya mkeka ilikuwa pale pale mbele yake, imekunjika, kama imewekwa makusudi. "Na uibariki, Bwana, mikono iliyoandaa," Mzee Kipruto alisema, na Elmina akaitazama mikono yake, yenye madoa meusi ya utomvu wa chai ambayo hayakutoka kwa miaka yote hii. Aliupita mkeka. Akafika mezani, akachukua kifuniko, akalifunika bakuli.

Alipoinua macho, alimkuta kogo anamtazama. Katika nyumba nzima, ni kogo peke yake aliyekuwa hajafumba macho.

"Amina," alisema Mzee Kipruto.

"Amina," walisema wote, wakainua vichwa, wakaona.

Weldon alikinyooshea kidole kifuniko.

"Mama Obure. Umetufunikia chakula?"

"Nimefunika," alisema Elmina. Koo lilikuwa linamkwaruza, na sauti ilitoka vibaya. "Hii nduma haijaiva. Niliona mmekuwa wengi, nikaongeza ya sufuria ya pili, na sufuria ya pili haikumaliza saa zake. Niliambiwa imeiva na kijiti, nami nikakubali kwa sababu nilitaka bakuli lijae. Mkila itawawasha koo. Mimi inaniwasha sasa hivi."

Obure alikuwa amesimama karibu na mlango. Alitazama sakafu.

"Joan alinieleza," Elmina aliendelea, "kwamba kule Hawaii bakuli la nduma likiwa wazi watu hawagombani. Mimi nimelifunika. Mwenye neno aseme."

Weldon hakungoja kuambiwa mara mbili.

"Neno ninalo. Lilikuwa limeshawekwa mezani. Tumeombea. Kama maombi yangekuwa mafupi, sisi sasa tungekuwa wapi?" Alimgeukia ndugu yake. "Mimi nilisema tangu mwanzo, twende pole pole na jambo hili. Mtu anayekupa chakula bila kujua alichopika, utampaje mtoto?"

Mzee Kipkosgei alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Alitazama mlango, kisha mawingu, na kidole chake kikagusa kifungo cha juu cha koti, kana kwamba anahakikisha bado kimefungwa. Shangazi mmoja alianza kutafuta mkoba wake chini ya kiti.

"Njoo hapa," alisema kogo.

Elmina alimkaribia.

"Inama. Fungua mdomo."

Elmina, mwanamke wa miaka sitini na mmoja, aliinama mbele ya wageni kumi na watano akafungua mdomo kama mtoto kwa daktari. Kogo alikishika kidevu chake, akautazama ulimi kwa makini.

"Ni mwekundu kweli," alitangaza. "Ulijua lini?"

"Wakati wa maombi."

"Maombi yalikuwa yamefika wapi?"

"Kwa viongozi wa nchi."

"Ah. Basi ulikuwa na wakati wa kutosha wa kukimbia." Kogo alimwachia kidevu. Mtu mmoja upande wa shangazi alicheka puani, akajifanya anapiga chafya. "Kipkosgei, mwanangu, unamkumbuka babu yako? Baba mkwe wangu?"

"Namkumbuka, mama."

"Nilipokuja kwao, mursik yangu ya kwanza niliitia kwenye kibuyu ambacho sikukifukiza vizuri. Nilijua. Mkaa ulikuwa umezima nikaona uvivu kuwasha tena. Mzee akanywa bakuli zima, akanisifu. Siku mbili hakutoka kichakani. Walisema ni maji ya mto. Walikataza watu wasichote kule." Alikipapasa kibuyu mapajani. "Miaka sitini sijamwambia mtu. Huyu hajaweza kunyamaza hata mpaka amina."

Mzee Kipkosgei alimgeukia mama yake.

"Tulikuwa tunachota maji mbali sana," alisema.

"Najua. Na mimi nilikuwa nachota nanyi." Kogo alimgeukia Elmina. "Hii inaweza kurudi motoni?"

"Inaweza. Nitaisonga sufuriani na maji kidogo. Saa moja na nusu."

"Mvua itatukuta," alisema Weldon.

Wote walikuwa wanamtazama Mzee Kipkosgei. Aliiweka kofia juu ya meza, kando ya bakuli. Kisha akafungua kifungo cha juu cha koti, na cha pili, na vyote vilivyobaki, akalivua, akampa Obure.

"Tafuta mahali pa kulitundika," alisema.

Weldon alitoka nje. Elmina alisikia gari likiwashwa, na jikoni, akiwa amesimama juu ya sufuria na mwiko mkononi, alidhani ameondoka. Moshi ulimtoa machozi, na hakuwa na hakika kama ni moshi. Obure alikuwa amevunja rafu ya zana zake, mbao kavu za miaka mitano, akazileta kwa mikono miwili akazitupa motoni. Shangazi wa Chebunyo aliingia bila kuitwa, akaushika mwiko Elmina alipochoka. Joan akaushika baada yake. Monicah alikaa kizingitini na kipande cha mua mdomoni, akilalamika kwamba hasikii midomo yake.

Mvua ilishuka saa nane na nusu. Dakika kumi baadaye Weldon aliingia, amelowa mpaka mifupani. Alikuwa amelipeleka gari juu, kwenye changarawe, akarudi kwa miguu.

"Sijakubali kitu," alimwambia ndugu yake. "Nimeokoa gari tu."

Saa tisa Elmina alilibeba bakuli tena. Safari hii alikaa chini mezani nalo, akafungua kifuniko, akala kijiko cha kwanza yeye mwenyewe, mbele ya wote.

"Tungoje," alisema Weldon, akatazama saa yake.

Wakangoja. Mvua ilipiga mabati, ukawa ndio mlio pekee nyumbani. Kila alipomeza mate, watu kumi na watano walitazama koo lake likipanda na kushuka. Ule muwasho wa kwanza ulikuwa bado, umefifia, na alijichunguza kama mtu anayesikiliza hatua nje ya nyumba: huu ni wa zamani, au ni mpya? Dakika tano zikapita. Dakika saba. Hakuna sindano iliyoongezeka.

"Kumi," alisema Weldon. "Tuzifanye kumi na tano."

"Wewe ngoja kumi na tano," alisema kogo. Alikizibua kibuyu, akamimina mursik juu ya nduma, nyeupe yenye vumbi la kijivu la mkaa, akachota kijiko kikubwa akakitia kinywani. Alizungusha bila meno, taratibu, macho yamefumbwa. Akameza. Akachota tena.

"Uchachu umepungua kidogo kwa huo moto," alisema, "lakini ndiyo sababu nilikuja na wangu."

Hapo vijiko vikaingia. Mzee Kipkosgei alikula kwa utulivu, mikono ya shati imekunjwa. Shangazi walianza kubishana kama hii ni chakula au ni dawa ya usingizi. Obure alikaa karibu na Joan, na hakuna aliyemwambia ainuke.

Elmina alibaki na kifuniko mkononi. Meza ilikuwa imejaa sahani, na hakujua akiweke wapi. Weldon, ambaye dakika zake kumi na tano zilikuwa bado hazijaisha, alimtazama, akanyoosha mkono, akakipokea. Alikigeuza mara moja, akakichunguza, kisha akakisukuma chini ya kiti chake, nyuma kabisa, mahali ambapo mtu asingekifikia bila kumwinua yeye kwanza. Ndipo akavuta bakuli upande wake.